Kisima Nilichokitia Kufuli

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono hunilegea. Hata nikiwa nimeshika sufuria huiweka chini kwanza. Miaka mingi imepita. Nimezaa, nimezika, nimeozesha, na wajukuu wangu sasa wananizidi kimo. Lakini siku ile haikuzeeka pamoja nami. Ninaishi nayo hapa Mishomoroni mpaka leo, na nataka uisikie kutoka kwangu mimi niliyekosa, si kutoka kwa watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwetu ni Likoni, ila niliolewa huku Kisauni, nikakaa nyumba moja na mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, Mungu amrehemu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda bara. Akitoka leo humwoni mpaka wiki mbili, tatu. Basi nyumbani tulikuwa mimi na mama mkwe, na mtoto wangu wa kwanza, Rukia, aliyekuwa bado ananyonya.

Uani palikuwa na kisima. Marehemu baba mkwe ndiye aliyekichimba, yeye na nduguze, na maji yake yalikuwa matamu, jambo ambalo si la kawaida upande huu. Visima vingi hapa ukisukutua tu unaionja chumvi. Mama mkwe hakuwa akikifunga. Kilikuwa na kifuniko cha mbao cha kuzuia watoto na kuku, basi. Akishasali alfajiri hufungua mlango wa uani, na watu wakaanza kuingia na mitungi yao. "Hodi, Bi Mwanatumu. Shikamoo." "Marahaba, mwanangu, pita." Ndiyo ilikuwa kengele yetu ya kila asubuhi. Hakuuza hata ndoo moja. Wako waliomwambia auze, akicheka tu.

"Mzee alipoyafikia haya maji," aliniambia siku zile za mwanzo, "alipanda juu na tope mpaka kwenye nyusi, akaniambia, Mwanatumu, haya si yetu peke yetu, usije ukaniaibisha mbele ya aliyeyaleta. Sasa mimi nimwaibishe mume wangu naye yuko kaburini?"

Nikayasikia, nikayaona maneno mazuri. Unajua maneno mazuri yalivyo mepesi kuyapenda wakati kisima kimejaa.

Mwaka ule pepo za kaskazi zilivuma kana kwamba zimesahau kwao. Mvua za vuli zilikuwa zimetupita juu kwa juu. Mifereji ya bomba mtaani ilikauka, ikawa ukifungua unasikia pumzi tu. Watu wa mikokoteni walileta maji kwa bei ya kumtoa mtu machozi, tena maji yenyewe huyajui yametoka wapi. Foleni ya uani kwetu ikawa inatoka mlangoni, inapita ukuta, inafika njia kubwa. Wakaanza kuja hata watu wa Junda ambao hatukuwa tukiwajua kwa majina.

Mimi nikaingiwa na hofu. Nisikudanganye nikajifanya nilikuwa mchoyo tangu utotoni, sikuwa. Nilikuwa mama mwenye mtoto mchanga na nepi za kufua, na mume yuko mbali. Nilichukua uzi mwekundu nikaufunga kwenye kamba ya ndoo, pale maji yalipoishia. Baada ya siku nne nikatazama: uzi umebaki mkavu, maji yameshuka chini yake. Nikafunga mwingine. Huo nao ukaachwa. Nikawa ninaamka na kitu cha kwanza ninachokifikiria ni ule uzi, hata kabla ya kumtazama mtoto.

Nikamwendea mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Mama, maji yanashuka. Tuwaambie watu wapunguze, au tufunge siku mbili tatu."

Hakuinua uso. "Umesali alfajiri, Zuhura?"

"Nimesali, mama."

"Ulimwomba nani riziki?"

"Nilimwomba Mungu."

"Basi mbona unakuja kunipimia mimi kamba, kana kwamba uliniomba mimi?"

Niliitika kwa adabu, lakini moyoni nilisema: huyu ni mtu mzima, amebakiza siku zake, hajui nepi za mtoto ni ngapi. Ndivyo nilivyosema moyoni. Ninakuambia ili ujue.

Haikupita wiki, habari ikaja kutoka Ng'ombeni kwamba dada yake mama mkwe ni mgonjwa sana. Akafunga kifurushi chake, akaniachia nyumba. Mlangoni aliniambia neno moja tu: "Usiwachoke watu." Nikamwitikia, "Inshallah, mama." Alipokata kona, nilimtia mtoto mgongoni nikaenda duka la vifaa nikanunua mnyororo na kufuli. Mnyororo nikaupitisha kwenye pete za kile kifuniko na kwenye chuma cha ukingoni, nikalifunga kufuli. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso niliyojifunga kiunoni.

Asubuhi watu walipobisha hodi niliwaambia kisima kinasafishwa, warudi baada ya siku chache. Uongo ule ulinitoka laini, wallahi, hata mimi mwenyewe nilishtuka. Wengine walinung'unika, wengine wakaondoka bila neno.

Aliyekuwa wa mwisho mlangoni ni Kadzo. Huyu alikuwa jirani yetu wa mbele, Mgiriama kutoka pande za Kaloleni. Mumewe, Kazungu, kazi yake ilikuwa kuchimba visima vya watu, na yeye mwenyewe hakuwa nacho. Walikaa nyumba ya kupanga ya udongo na makuti, na mtoto wao mmoja, Sidi, wa miaka sita. Nilipojifungua Rukia, Kadzo ndiye aliyenikanda siku saba, na kila akivuna kisamvu alituletea fungu. Siku ile alisimama na mtungi wake mtupu akalitazama kufuli, kisha akanitazama mimi.

"Haya, mama Rukia," akasema. "Tutarudi."

Aliunyanyua mtungi wake mtupu kichwani akaenda zake.

Siku ya tatu nilienda soko la Kongowea kununua viazi na samaki. Mtoto nilikuwa naye mgongoni. Sikuharakisha, ninakumbuka nilisimama hata kuchagua leso ambayo sikuwa na nia ya kuinunua. Jua lilikuwa la utosini niliporudi, na niliposhuka matatu stejini nikaona moshi mweusi upande wa mtaa wetu, umelazwa na upepo juu ya mapaa. Nikasema, watu wanachoma taka. Nikatembea. Kisha nikaona watu wanakimbia, na wanakokimbilia ni uchochoro wetu, na mimi nikakimbia, viazi vikadondoka kimoja kimoja nyuma yangu sikuviokota.

Nyumba ya Kadzo haikuwapo. Naomba unielewe, sisemi iliharibika. Niliiacha asubuhi imesimama na nguo zimeanikwa mbele yake, na sasa palikuwa na kuta nne fupi nyeusi na kati yake rundo linalotoa moshi. Cheche ilitoka kwenye jiko la jirani ikapeperushwa na upepo kwenye makuti. Mtaa mzima ulikuwa umejaa. Mlango wetu wa uani ulikuwa wazi, umeng'olewa bawaba moja kwa msukumano wa watu, na watu walikuwa wanatoka ndani na ndoo.

Niliingia uani kwangu mwenyewe kama mgeni. Mnyororo ulikuwa chini, umekatika. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, limening'inia kwenye kipande cha mnyororo. Pembeni palikuwa na mtaimbo, na mawe, na kifuniko cha mbao kina majeraha ya mawe yale. Watu walikuwa wamekipiga, wamekipiga, mpaka alipopatikana mwenye mtaimbo. Mzee Omari, jirani yetu wa upande wa pili, alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka. Aliniona.

"Ufunguo ulikuwa nao wewe?" aliniuliza. Hakupaza sauti. Aliniuliza vile mtu anavyouliza ambaye bado anatumaini ataambiwa hapana.

Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye pindo la leso. Yeye akatikisa kichwa akatazama kando, na ule uso wake alivyougeuza ndio ulionikata.

Nikatoka tena nje ndipo nikamwona Kadzo. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, wanawake wamemzunguka, mtoto wake Sidi yuko mapajani mwake, mzima, analia. Kadzo yeye hakuwa akilia. Alikuwa ameinyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayeitikia dua, na ngozi ya mikono ile, mwanangu, ilikuwa imetoka.

Nikasimuliwa pale pale, kila mtu akitaka aseme yeye. Sidi alikuwa na homa, amelala ndani. Kadzo alikuwa nje anapepeta mahindi. Makuti yaliposhika moto, alikimbilia kwanza kwetu aloweshe leso yake ajifunike aingie nayo. Akakuta kufuli. Akalivuta. Akapiga kelele jina langu. Kisha akarudi akaingia na leso kavu. Alimtoa mtoto, lakini leso ilishika moto, na ule moto uliokuwa ukimrukia mtoto kichwani aliuzima kwa mikono yake.

Alipiga kelele jina langu. Na mimi wakati huo nilikuwa Kongowea ninapapasa leso za watu.

Watu wema wamenifariji miaka yote. Wameniambia makuti hayasubiri, ile nyumba ingeungua tu, hata kisima kingekuwa wazi. Labda. Nyumba labda. Lakini leso ingekuwa imelowa.

Kadzo alipelekwa hospitali, na habari ikampata Kazungu huko alikokuwa akichimba, na nyingine ikampata mama mkwe Ng'ombeni. Siku ya pili alasiri mama mkwe akaingia. Nilikuwa nimekaa jikoni, sijapika. Nilijua nitafukuzwa, na nilikuwa nimeshakusanya nguo zangu na za mtoto kwenye mfuko. Alipita moja kwa moja uani. Nikamwona ameokota ule mnyororo, ameutazama, ameuweka tena chini taratibu, kana kwamba ni kitu cha mtu. Kisha akatoka nje.

Aliporudi kutoka hospitali hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwa Kazungu amembeba Sidi, na nyuma yao Kadzo, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwikoni.

"Watakaa chumba chako," mama mkwe aliniambia. "Wewe na mtoto njooni kwangu."

"Abee, mama."

"Chakula kiko wapi?"

"Sijapika, mama."

"Pika. Tumekuwa sita."

Nilipika. Nyumba ilikuwa na unga wa kutosha sisi siku chache, na mume hajarudi. Lakini sikuthubutu kufungua mdomo kuhusu unga. Baada ya kula alinifuata jikoni akafunga mlango, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Nikasema moyoni, sasa ndiyo nafukuzwa.

"Zuhura," akaanza, "wewe unasali sana. Ninakuona. Unanizidi mimi." Alikuwa anasema polepole. "Sasa nataka unieleze, maana mimi sikusoma. Ulipolifunga lile kufuli, ulimwambia nini yule uliyekuwa umetoka kumwomba alfajiri?"

Alijijibu mwenyewe.

"Ulimwambia, ahsante, hapa uliponifikisha panatosha, haya yaliyobaki nitayalinda mwenyewe. Ndivyo ulivyomwambia. Mimi sikufukuzi. Ule mfuko ufungue. Kila asubuhi utakuwa wewe unayemtekea maji kila anayeingia hapa. Watoto, wazee, hata wale wa Junda. Kwa mkono wako. Na Kadzo utamlisha wewe mpaka apone."

Nilitamani anipige. Kutukanwa kungenipa kitu cha kulalamikia.

Nikaanza kesho yake. Watu walikuwa wakinipa mitungi bila kunitazama, na mimi nikiijaza bila kuwatazama. Viganja vilinitoka malengelenge. Na mara tatu kwa siku nilikaa mbele ya Kadzo na sahani, nikimega tonge, nikichovya mchuzi, nikimtia mdomoni. Mtu mzima mwenzangu. Siku ya pili alitafuna, akameza, akasema, "Mama Rukia, chumvi umesahau." Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, nikaweka sahani chini.

"Mama Sidi," nikamwambia, "nilikudanganya. Kisima hakikuwa kikisafishwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Mume wangu ni mchimba visima. Kisima kikisafishwa hutolewa tope, humwagwa nje. Nilitazama, sikuona tope." Alisema vile vile alivyosema habari ya chumvi.

Nilipigwa na butwaa. Siku zote zile nilidhani nimewafunga macho. "Na kwa nini hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia nini? Nyumba ni yenu." Akatazama mikono yake. "Nilisema, ana mtoto mchanga, anaogopa. Hata mimi huogopa."

Mwanangu, hakuna aliyewahi kunitusi maishani mwangu nikaumia kama nilivyoumia kwa kuonewa huruma na mwanamke ambaye nilikuwa ninamlisha kwa mkono kwa kosa langu mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo ambalo watu wakisimulia kisa hiki hupenda kuliruka. Baada ya wiki mbili hivi, alfajiri moja, niliishusha ndoo, nikasikia kishindo. Si mlio wa maji, ni kishindo cha chuma kwenye mawe. Nikaivuta. Ilikuwa na tope la kuchovya vidole. Nikaishusha upande mwingine, kishindo kile kile. Kisima kilikuwa kimekauka.

Nilisimama pale na kamba mkononi, na nikuungamie, kulikuwa na kisauti ndani yangu kilichofurahi. Kilisema, si niliwaambia? Si nilikuwa na haki? Halafu nikaitazama foleni mlangoni, wale watu na mitungi yao, na kile kisauti kikakoma.

Nikaenda kumwambia mama mkwe. Alikuwa amekaa kitandani, anajitayarisha kwenda kutawadha.

"Mama, kimekauka."

"Chote?"

"Chote."

Nilitazamia atasema lile neno lake la ulimwomba nani riziki. Hakulisema. Mkono wake ulioshika ukuta ulikuwa unatetemeka, na midomo ilikuwa imemkauka, na nikaona kwamba naye anaogopa, tena sana, na kwamba pengine alikuwa akiogopa siku zote zile foleni ilipokuwa ikirefuka. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kisimani. Nilikuwa nikidhani watu kama yeye hawaogopi.

Akashuka kitandani, akaenda ukutani, akapiga viganja vyake kwenye vumbi, akajipangusa uso na mikono, akatayamamu badala ya kutawadha. Akasali. Hakurefusha. Alipotoa salamu aliinuka akasema, "Waambie watu wasiondoke. Na uniitie Kazungu."

Kazungu alikuwa ameshafika uani, ameinama kwenye mdomo wa kisima, anatupa kijiwe chini na kusikiliza.

"Baba Sidi," mama mkwe akamwambia, "unaonaje?"

"Chini pana mwamba, mama. Marehemu alisimama juu yake. Ukipasuliwa, huenda kuna maji chini yake, huenda hakuna. Mimi siwezi kukuapia."

"Nani amekuambia uape? Nimekuuliza kama unaweza kuingia."

Kazungu akavua shati. "Nilikuwa nikingoja uniite tu," akasema.

Alituma habari kwa nduguze wawili wakaja na sururu, nyundo na tindo. Walichimba siku tano. Na ile foleni, mwanangu, wale watu niliowafungia, ndio walioshika kamba. Waliweka mitungi yao chini wakawa wanavuta makarai ya mawe juu, mmoja akichoka mwingine anapokea. Mzee Omari alileta mihogo. Wanawake wa Junda walileta unga, na mwingine nazi, na jikoni mwangu, ambamo nilikuwa nimeanza kupunguza vipimo, sufuria ilikuwa haitoshi. Maji ya kunywa tulipewa na mtu mmoja ambaye hata leo simjui, alikuja na mitungi mitatu kwenye baiskeli akaishusha akaenda zake.

Siku ya tatu walikutana na jiwe gumu, wakalipiga mchana kutwa, wakatoa kokoto za kujaza bakuli. Siku ya nne vivyo hivyo. Nduguye Kazungu mmoja akasema hapa hapana kitu, tuache. Kazungu akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akasema, "Wewe ndiye fundi. Ukisema basi, ni basi, na nitakushukuru." Kazungu akaifunga tena kamba kiunoni.

Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, mimi ndiye niliyekuwa mbele kabisa kwenye kamba. Tulikuwa tunasikia nyundo, ngo, ngo, ngo. Kisha ikanyamaza. Nikamwita, "Baba Sidi!" Kimya. Nikamwita tena. Kadzo akainuka pale alipokuwa amekaa na mikono yake ya bendeji, akaja mpaka ukingoni. Nilijua kinachowapata wachimbaji wa visima, hewa inapokuwa mbaya huko chini, au jiwe linapoteleza. Nikasema moyoni, ya Rabbi, usinifanye niwe nimemchukulia huyu mwanamke mikono yake na mume wake pia. Sijawahi kuomba vile kabla wala baada.

Ndipo tukasikia sauti. Kwanza sikuijua ni sauti gani. Alikuwa anacheka. Kazungu, kule chini gizani, alikuwa anacheka peke yake kama mtoto anayeoga mvuani.

"Nivuteni!" akapiga kelele. "Nivuteni, yananifika magotini!"

Tulimvuta. Alitoka mweupe kwa vumbi la mawe, kope zimegandamana. Mimi ndiye niliyepewa ndoo nimwoshe uso. Nilikuwa ninalia, maji yanamwagika ovyo.

"Shemeji," akaniambia macho yamefumba, "mwaga taratibu. Nimeyatafuta kwa taabu."

Mama mkwe alichota kwa kata, akaonja, akakunja uso. "Yana chumvi kidogo," akasema. Kisha akaketi chini pale pale kwenye tope na nguo zake safi, akasema alhamdulillahi mara nyingi sana, mpaka sauti ikamwishia.

Ndiyo, yana chumvi kidogo mpaka leo. Hayakurudia utamu wake. Na kisima kilipungua tena miaka mingine ya ukame, kikachimbwa tena, na watu wakashika kamba tena. Kazungu alijenga nyumba ya mabati pale pale. Kadzo alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunyooka. Tumekuwa marafiki miaka yote hii, amenizalisha watoto wangu wengine wanne, na kila anaponipa kikombe cha chai mimi huviona vile vidole. Hajawahi kunikumbusha. Haina haja.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa ninakupeleka. Watu watakuambia mwenye kumtegemea Mungu haogopi. Si kweli. Mimi nimemwona mwenye kumtegemea akitetemeka ukutani. Wengine watakuambia kumtegemea ni kukaa kitako ungoje. Hilo nalo si kweli. Yule mama aliinuka akamwita fundi. Kumtegemea Mungu ni kile unachokifanya hofu inapokuwa imeshakuingia: unaendelea kutoa ulichoambiwa utoe, unaifanya kazi iliyo mbele yako, na lililobaki unamwachia mwenyewe. Sikuahidi kwamba ulicho nacho hakitakwisha. Chetu kilikwisha. Lakini kilipokwisha, riziki ilikuja kupitia mikono ile ile niliyokuwa nimeinyima, na laiti wangefanya kama nilivyofanya mimi, tungekufa na kiu sisi na uchaji wetu.

Na kubwa kuliko yote: hofu yako ni yako. Ibebe wewe, ililie wewe, ipeleke kwenye mswala. Usije ukamfanya mtu mwingine ailipie kwa ngozi yake.

Mola akupe riziki ya halali na moyo wa kuigawa. Akuwekee majirani wema, nawe akufanye jirani mwema. Siku utakayoogopa asikuache peke yako na hofu yako, na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, akupe umri wa kutengeneza. Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo.